Kadi ya Mtandao Inapogoma Kwenye Linux: Soma Ushahidi Kwanza

Kadi ya mtandao ikigoma kwenye Linux, wengi hukimbilia mojawapo ya tiba mbili: kufuta mfumo wote na kuusakinisha upya, au kwenda dukani kununua kadi nyingine. Tiba hizo wakati mwingine huleta mtandao, na ndiyo maana bado zinaaminiwa. Lakini zote mbili hufuta ushahidi kabla haujasomwa, na tatizo ambalo chanzo chake hakikujulikana hurudi, mara nyingi siku kerneli inaposasishwa. Ninachotetea katika mwongozo huu ni kwamba kadi yenyewe ndiyo mtuhumiwa wa mwisho, si wa kwanza. Kati ya kadi na ukurasa unaotaka kuufungua kuna ngazi kadhaa: umeme, kutambuliwa kwa chipu, draiva, fimwea, kebo, jina la kadi, anwani ya IP na utafutaji wa majina ya tovuti. Linux huandika wazi hali ya karibu kila ngazi. Kazi yako ni kupanda kutoka chini, na kutobadilisha chochote mpaka ujue umekwama ngazi ipi.

Tukio la mwaka 2008 linaonyesha hatari ya kuhukumu mapema. Watu waliokuwa wakijaribu matoleo ya awali ya kerneli 2.6.27 waligundua kuwa baadhi ya kadi za Intel zinazotumia draiva ya e1000e zinaharibika. Hazikuwa zimekatika kwa muda tu. Kumbukumbu ya kudumu iliyo ndani ya kadi, ile inayohifadhi anwani na mipangilio yake, ilikuwa imevurugwa, kiasi kwamba hata ukiwasha mfumo mwingine kwenye mashine hiyohiyo kadi haiamki. Lawama ya kwanza iliiangukia e1000e, na hatua ya dharura ikawa kuifunga kumbukumbu hiyo isiweze kuandikwa. Oktoba ya mwaka huohuo mkosaji akapatikana kwingine kabisa: ftrace, chombo cha kufuatilia utendaji wa kerneli, kilikuwa kinaandika kwenye anwani za kumbukumbu ambazo awali zilibeba msimbo lakini sasa zilikuwa zimekabidhiwa kadi ya mtandao. Toleo la 2.6.27.1 likaizima sehemu hiyo ya ftrace. Ikiwa watu waliouandika msimbo wenyewe walihitaji wiki kadhaa kumtenga mkosaji na aliyedhaniwa, mtumiaji wa kawaida hana sababu ya kuamini dhana yake ya kwanza ndani ya dakika tano.

Kabla ya yote, jitafutie mlango mwingine wa intaneti, maana mashine isiyo na mtandao haiwezi kujipakulia dawa. Simu ya Android yenye bando inatosha. Iunganishe na kompyuta kwa kebo ya USB, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kushiriki intaneti kwa USB. Baada ya sekunde chache Linux itaonyesha kadi mpya yenye jina kama usb0, au enx likifuatwa na msururu wa herufi na tarakimu. Kwa kawaida hakuna draiva ya kutafuta, kwa kuwa moduli za rndis_host na cdc_ether zimo tayari katika kerneli za mifumo mingi. Zima kwanza masasisho yanayojiendesha, la sivyo bando litamalizwa na vitu vingine kabla hujapakua faili dogo ulilolihitaji.

Sasa uliza kama kerneli inaiona chipu. Fungua terminali uandike lspci -nnk, au lsusb kama kadi ni ya USB. Usitishwe na urefu wa orodha. Tafuta mstari wenye maneno Ethernet controller au Network controller. Kwenye kompyuta nyingi za mezani za mitumba utakutana na mstari unaoanza na namba kama 03:00.0, ukitaja Realtek RTL8111/8168/8411, na kuelekea mwisho wake kuna [10ec:8168]. Mabano hayo yana thamani kuliko jina lililochapwa kwenye boksi, kwa sababu 10ec ni namba ya Realtek na 8168 ni namba ya chipu, ilhali watengenezaji hubadilisha chipu ndani ya kadi na kuacha jina la biashara lilelile. Iandike namba hiyo pembeni. Kila utafutaji utakaoufanya baadaye uanze nayo. Chini ya mstari huo, kadi iliyopata draiva itakuwa na maneno Kernel driver in use yakifuatwa na jina, kwa mfano huu r8169. Hapo una majibu matatu yanayowezekana, na kila moja linakupeleka njia yake: chipu haionekani kabisa, chipu inaonekana lakini haina draiva, au vyote viwili vipo na tatizo liko juu zaidi.

Chipu isipoonekana, bado usitangaze msiba. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS uone kama kadi iliyo kwenye ubao mkuu imezimwa. Kama ni kadi ya kuchomeka, zima mashine, itoe na uirudishe vizuri kwenye nafasi yake. Kisha kuna sababu ambayo wengi hawaifikirii: mashine yenye Windows na Linux pamoja. Tangu Windows 8, kuzima kompyuta kwa kawaida si kuzima kamili, na draiva ya Windows inaweza kuiacha kadi katika hali ya usingizi mzito ambayo draiva ya Linux inashindwa kuiamsha. Kadi za Realtek zimejulikana sana kwa hilo. Nyingine huonekana kwenye lspci lakini hazipati ishara yoyote. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 15, kisha iwashe moja kwa moja kwenye Linux. Kadi ikiamka, umempata mkosaji, na dawa iko upande wa Windows: zima uwashaji wa haraka, na kwenye sifa za kadi ruhusu iamshwe kupitia mtandao hata mashine ikiwa imezimwa.

Hapa ndipo wasomaji wengi hupinga: mbona kwenye Windows inafanya kazi vizuri? Si Linux ndiyo mbovu? Ukweli kwamba inafanya kazi kwenye Windows ni ushahidi mzuri, ila lazima usomwe kwa kipimo chake. Unathibitisha kwamba chipu ni nzima, kebo ni nzima na ruta inajibu. Hilo limekuokoa na gharama ya kadi mpya, na limekuondolea ngazi za chini kabisa. Halisemi lolote kuhusu kwa nini draiva ya Linux haikushika, na kama tulivyoona hivi punde, pengine Windows yenyewe ndiyo iliyoilaza kadi.

Chipu ikionekana bila draiva, sababu za kawaida si nyingi. Kerneli inaweza kuwa ya zamani kuliko chipu. RTL8125, chipu ya Realtek ya gigabiti 2.5, iliingizwa kwenye r8169 kuanzia kerneli 5.4, kwa hiyo mfumo wenye kerneli ya kabla ya hapo hautaishika hata uuombe vipi. Andika uname -r ujue yako. Au draiva ipo lakini imezuiwa, na hapa kuna mtego unaowanasa watu wenye nia njema. Mtu anasoma mahali kwamba r8169 ni dhaifu, anasakinisha r8168 iliyotolewa na Realtek yenyewe, na usakinishaji huo unaweka faili ndani ya /etc/modprobe.d linaloipiga marufuku r8169. Mambo yanakwenda vizuri kwa miezi. Siku moja kerneli inasasishwa, r8168 inapaswa kuundwa upya kwa ajili ya kerneli mpya, lakini vichwa vya kerneli havikusakinishwa, na kazi inashindikana kimyakimya. Sasa draiva ya zamani imepigwa marufuku na mpya haipo. Mwenye mashine anaona kadi imekufa ghafla. Amri mbili humaliza ubishi: dkms status itaonyesha kama moduli imeundwa kwa kerneli unayoitumia, na grep -r r8169 /etc/modprobe.d itakuonyesha marufuku iko wapi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kuanza na draiva iliyomo ndani ya kerneli, na kutumia ya mtengenezaji pale tu panapokuwa na sababu inayoonekana. Mtu anaweza kupinga kwamba mtengenezaji anaijua chipu yake kuliko mtu mwingine yeyote. Kweli anaijua chipu, lakini draiva inayoishi nje ya kerneli inawekwa rehani kila kerneli inapobadilika, wakati ile ya ndani hurekebishwa pamoja na kerneli yenyewe. Kuna chipu zisizokupa uchaguzi. BCM43142 ya Broadcom, yenye namba 14e4:4365, iliyomo kwenye kompyuta mpakato nyingi, huhitaji moduli ya wl kutoka Broadcom, inayopatikana Debian katika kifurushi cha broadcom-sta-dkms. Ukilazimika kutumia moduli ya namna hii, angalia Secure Boot kwa amri ya mokutil --sb-state. Ikiwa imewashwa, kerneli hukataa moduli isiyo na sahihi inayotambulika, na ukijaribu kuipakia kwa modprobe utaambiwa Key was rejected by service. Wakati wa usakinishaji Ubuntu huomba nywila, na mashine inapowaka tena hutokea skrini ya buluu inayotaka uandikishe ufunguo. Watu huipita skrini hiyo wakidhani ni hitilafu, kisha wanashangaa kwa nini Wi-Fi haiji.

Fimwea ni jambo tofauti na draiva, na kuchanganya hivi viwili hupoteza saa nyingi. Draiva ni programu inayoendeshwa na kompyuta yako; fimwea ni programu inayopakiwa ndani ya kadi ili kadi yenyewe ifanye kazi. Andika sudo dmesg | grep -i firmware. Ukiona Direct firmware load ikitaja jina la faili na kumalizia failed with error -2, namba hiyo maana yake faili halipo kwenye diski. Kwenye Debian lilikuwa tatizo la kila siku, kwa kuwa fimwea zisizo huru hazikuwamo kwenye kisakinishi rasmi. Baada ya kura ya wanachama wake mwaka 2022, Debian 12 iliyotoka Juni 2023 ikaanza kuzijumuisha. Kwenye toleo la zamani utahitaji kifurushi kama firmware-iwlwifi kwa kadi za Intel au firmware-realtek kwa za Realtek. Hata hivyo soma mpaka mwisho kabla ya kufurahi kwamba umepata jibu. Draiva ya iwlwifi hujaribu kwanza faili la toleo jipya kabisa, likikosekana inashuka kwa lililotangulia, na kila jaribio lililoshindwa linaandikwa. Kama mistari michache chini kuna loaded firmware version, makosa yale ya juu hayana uzito wowote. Vivyo hivyo r8169 ikilalamika kwamba imekosa faili la saraka ya rtl_nic, mara nyingi huendelea kufanya kazi bila hilo faili. Mstari wenye neno error si lazima uwe ndio chanzo. Chanzo ni mstari ambao baada yake kazi inasimama.

Draiva na fimwea zikiwa sawa, andika ip link uangalie maneno yaliyo ndani ya alama za pembe. Kadi yenye waya ikionyesha NO-CARRIER,BROADCAST,MULTICAST,UP, neno UP mwishoni huwapotosha wengi. Maana yake ni kwamba mfumo umeiamuru kadi iwake, haimaanishi kuna mtu upande wa pili wa kebo. Kinachothibitisha ishara ni LOWER_UP, na NO-CARRIER ni kinyume chake. Ukikutana nayo, achana na draiva kabisa ugeukie kebo, tundu la ruta na swichi. Badilisha kimoja kimoja. Kisha tumia sudo ethtool enp3s0, ukiweka jina la kadi yako mwenyewe. Hapo soma mstari wa Speed kwa makini. Kadi ya gigabiti iliyounganishwa na swichi ya gigabiti lakini inaonyesha 100Mb/s inakueleza jambo mahususi: gigabiti hutumia nyuzi zote 8 za kebo, wakati megabiti 100 hutosheka na nne, zile za nafasi ya 1, 2, 3 na 6. Uzi mmoja kati ya hizo nyingine ukikatika au ukibanwa vibaya kwenye kichwa cha kebo, mtandao hushuka kasi au hukatika na kurudi, na hakuna draiva duniani itakayouponya. Bana upya kichwa hicho. Kama kuna mtu aliwahi kulazimisha kasi kwa mkono upande mmoja tu, unaweza pia kuona Duplex: Half; rudisha pande zote mbili kwenye kujipangia zenyewe.

Kwa Wi-Fi, kabla ya lolote andika rfkill list. Soft blocked: yes huondolewa kwa sudo rfkill unblock wifi. Hard blocked: yes ina maana kuna swichi au kitufe kwenye mashine kilichozima redio, na amri haitafua dafu.

Jina la kadi nalo huleta visa. Tangu toleo la 197 la systemd, mwaka 2013, mifumo mingi iliacha eth0 na kutumia majina yanayotokana na mahali kadi ilipochomekwa: enp3s0 ni kadi ya Ethernet kwenye basi la PCI namba 3, nafasi 0. Faida yake ni kwamba kadi mbili hazibadilishani majina mashine ikiwashwa upya. Lakini ukiongeza kadi ya picha au diski ya NVMe, namba za basi zinaweza kusogea, enp3s0 ikawa enp4s0, huku faili la /etc/network/interfaces au la netplan likiendelea kuliita jina la jana. Kila kitu ni kizima, ila mipangilio inamwita mtu asiyekuwepo. Linganisha jina lililo kwenye ip link na lililo kwenye mipangilio. Hili ndilo kosa ambalo kusakinisha upya hulitibu kwa bahati, na mwenye mashine hubaki akiamini kwamba mfumo ulikuwa umeharibika.

Sehemu ngumu zaidi ni kadi inayofanya kazi kisha inakata, hasa unapopakua faili kubwa. Usiwashe upya papo hapo. Kwanza andika sudo dmesg na usome mistari ya mwisho. Ukiona NETDEV WATCHDOG pamoja na transmit queue 0 timed out, kerneli inasema ilikabidhi pakiti kwa kadi na kadi haikuzitoa. Kwa kadi za Realtek, mshukiwa mmoja mkubwa ni ASPM, mfumo wa kubana umeme kwenye PCI Express. Ijaribu bila kubadilisha kitu kwa kudumu: kwenye menyu ya GRUB, inayotokea mashine inapowaka, bonyeza e, nenda kwenye mstari unaoanza na linux, ongeza pcie_aspm=off mwishoni, kisha bonyeza F10. Mabadiliko hayo huishi kwa uwashaji mmoja tu. Kadi za Intel za e1000e huweza kuandika Detected Hardware Unit Hang. Hapo jaribu sudo ethtool -K eno1 tso off gso off, inayoiondolea kadi kazi ya kukatakata pakiti na kuirudisha kwa kichakataji. Kwa Wi-Fi inayosinzia kuna sudo iw dev wlp2s0 set power_save off. Vipimo hivi vyote hufutika mashine ikizimwa, na hiyo ndiyo sifa yake: unapima dhana bila kuacha makovu. Pima kimoja kwa wakati mmoja. Ukizima vitatu kwa mpigo na mtandao ukatulia, hujui ni kipi, na utabaki na mashine inayokula umeme zaidi au inayosukuma data polepole bila sababu.

Pingamizi zito kuliko yote ni la muda: kusakinisha upya huchukua saa moja, kwa nini mtu asome kumbukumbu za kerneli? Kwa sababu toleo lilelile la mfumo huleta kerneli ileile, fimwea zilezile na draiva ileile. Kama kasoro ilikuwa humo, saa yako imepotea pamoja na mipangilio yako. Anayetaka njia ya mkato aandae flashi yenye mfumo mpya zaidi, aiwashe mashine kutoka kwenye flashi hiyo bila kusakinisha kitu, na aone kama kadi inafanya kazi. Ikifanya, andika uname -r na lspci -nnk ndani ya mfumo huo, na ulinganishe na majibu ya mfumo wako. Tofauti itajitokeza yenyewe. Isipofanya, kusakinisha upya kusingekusaidia pia. Na kama kadi iligoma mara tu baada ya sasisho, menyu ya GRUB kwa kawaida bado ina kerneli iliyotangulia: iwashe hiyo, uone.

Ngazi za juu nazipita haraka. Andika ip address uone kama kadi ina anwani ya inet, na ip route uone mstari wa default. Piga ping kwa anwani ya ruta yako, halafu kwa 8.8.8.8. Zote mbili zikijibu na bado tovuti hazifunguki, tatizo ni utafutaji wa majina, angalia /etc/resolv.conf. Kadi haihusiki tena.

Zipo kadi zinazokufa kweli, hasa pale umeme wa radi unapoingia kupitia kebo iliyotandazwa nje ya nyumba. Dalili yake ni kutoonekana kwenye lspci hata ukiihamishia nafasi nyingine, hata kwenye mfumo wa flashi, hata kwenye mashine ya pili. Au kuonekana na alama rev ff, maana kerneli ikijaribu kuisoma inapata namba 1 tupu kila mahali. Ushahidi ukifika hapo, nunua nyingine, na nunua kwa chipu badala ya jina la boksi. Kwa kadi za Ethernet za USB, RTL8153 inayotumia r8152 na AX88179 inayotumia ax88179_178a zote zina draiva ndani ya kerneli. Kwa Wi-Fi ya USB, MT7612U ya MediaTek vilevile. Nenda dukani na kompyuta yako mpakato au na ile flashi, omba kuichomeka kadi kabla ya kulipa, na uandike lsusb -t. Kwenye mstari wa kadi hiyo unapaswa kuona Driver=r8152 au jina jingine la draiva. Ukikuta pametupu au pameandikwa none, irudishe kwa muuzaji uombe yenye chipu nyingine.